Mwanangu anataka mjusi wa kufuga, muuzaji anataka jibu kabla ya Jumamosi

Shangazi shikamoo,

Naomba unisaidie haraka maana nimebanwa. Mi ni mama wa watoto wawili, kwetu Tanga ila sasa hivi tunaishi Brooklyn Park hapa Minnesota. Kijana wangu ana miaka 10, mdogo wake wa kike ana minne anatimiza mitano Februari. Mume wangu anaendesha malori, wiki nzima yuko barabarani, na mi nafanya shifti za usiku kwenye nyumba ya wazee, kwa hiyo nyumbani kwetu ni mbio mbio tu.

Sasa mwaka jana darasani kwao mwalimu alikuwa anafuga mjusi wa ndevu (bearded dragon), yule mkubwa kutoka Australia, na tangu hapo mtoto hana wimbo mwingine. Anachora mijusi, anaangalia video za mijusi, amejiwekea dola 120 za sikukuu na za kumfagilia jirani theluji, hajanunua hata pipi. Na si mtoto wa kusumbua Shangazi, darasani anafanya vizuri, hii ni mara ya kwanza anang'ang'ania kitu. Wiki hii nimeona tangazo la mtu anauza mjusi wa ndevu pamoja na tenki la galoni 20 na taa nyekundu ya joto, vyote dola 60. Anasema anahama, anataka jibu kabla ya Jumamosi, kuna mwingine anamsubiri. Mi nikaona bei chee, mtoto analipa mwenyewe, na chenji inabaki.

Tatizo la kwanza mama mkwe wangu yuko hapa amekuja kutoka Tanga, anarudi mwanzoni mwa Machi, ni mtu mzima na ana sukari. Amesema mjusi akiingia yeye anatoka, mjusi kafiri hakai kwenye nyumba ya Muislamu. Mume wangu kwenye simu anasema mnunulie mtoto, mama atazoea. Tatizo la pili mi mwenyewe siwezi wadudu, nasikia hawa wanakula mende walio hai na nikifikiria tu mwili unanisisimka. La tatu sina hela za kuchezea, mwezi ukiisha na sisi tumeisha. Na nimesikia wengine wanasema mjusi hana gharama kabisa, rahisi kuliko paka, wengine wanasema ni balaa. Halafu kila baada ya miaka miwili tunajitahidi kwenda Tanga, huyo mnyama tutamwacha na nani?

Nimnunulie au nimkatalie? Na nikimkatalia nimwambieje, maana ataumia sana.

Mama wa Brooklyn Park

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Jumamosi usichukue. Mwandikie huyo muuzaji leo leo, mwambie asante, ampe huyo mwingine. Lakini mtoto usimkatalie, mwambie ndiyo, ila ni mwishoni mwa Machi au Aprili, na si mnyama huyo. Ntakueleza kwa nini na ntakuwa mrefu kidogo, maana barua kama yako nazipata na karibu zote zinaanza na bei ya mnyama, na bei ya mnyama ndiyo ndogo kuliko zote.

Tuanze na hiyo dola 60. Mjusi wa ndevu akikomaa anafika sentimita 45 mpaka 60 ukipima na mkia, na sehemu anayotakiwa kukaa sasa hivi wafugaji wengi wanakubaliana ni futi 4 kwa 2, kwenda juu futi 2, hiyo ni kama galoni 120. Tenki la galoni 20 ni la mtoto mchanga, mtu mzima humo hawezi hata kugeuka vizuri. Hiyo taa nyekundu nayo haitoi kitu anachokihitaji zaidi. Huyu ni mnyama wa jua kali, anataka sehemu ya kuota yenye joto la nyuzi 38 mpaka 42 za Selsiasi, upande wa pili uwe baridi ili achague mwenyewe, na juu yake taa ndefu ya UVB, ile inayofanya kazi ya jua mwilini. Bila UVB hatengenezi vitamini D3, bila D3 hawezi kutumia kalsiamu hata ukimlisha kopo zima, mifupa inalainika, taya linakuwa kama mpira, miguu inapinda. Ni ugonjwa wa kawaida sana kwa mijusi ya kufugwa na mara nyingi unatokana na kukosa taa sahihi. Na usimweke dirishani ukadhani umemaliza, kioo cha dirisha kinazuia UVB karibu yote. Tena hizo taa zinaisha nguvu ya UVB huku bado zinawaka, kwa hiyo kila miezi 6 mpaka 12 unabadilisha kulingana na aina, na moja nzuri ni dola 30 mpaka 60. Ukijumlisha tenki la kweli, taa mbili, kipimajoto, thamostati (kifaa cha kudhibiti joto lisizidi) na vitu vya ndani, hiyo 60 imeshakuwa 500 au 600 kabla hajala. Na anakula mwanangu, mdogo anakula wadudu kila siku mara mbili tatu, mkubwa ni majani zaidi kila siku na wadudu mara chache. Mjusi ambaye amekaa na taa nyekundu peke yake anaweza akawa tayari ni mgonjwa, utakuwa umenunua bili ya daktari.

Sasa kwa nini Machi. Sababu kubwa ni binti yako na mama mkwe wako. Mijusi, nyoka na kobe wanabeba bakteria wa Salmonella tumboni bila wao kuumwa, mnyama anaonekana safi kabisa, na wanamwaga kwenye choo chao, unakuta kwenye ngozi, kwenye tenki, kwenye maji. Ndiyo maana CDC, hao wa udhibiti wa magonjwa hapa Marekani, wanasema nyumba yenye mtoto chini ya miaka 5, au mzee wa miaka 65 kwenda juu, au mtu mwenye kinga dhaifu, isifuge hawa wanyama. Miaka ya karibuni wametoa matangazo zaidi ya mara moja kuhusu Salmonella iliyotokana na mijusi wa ndevu hao hao, na waliougua wengi walikuwa watoto wadogo. Kwa hiyo mtoto wa miaka minne anayetia kila kitu mdomoni, na bibi mwenye sukari, wote ndani ya apatimenti moja, hapana. Hapo mumeo nampinga waziwazi. Februari binti anatimiza mitano, Machi bibi anarudi Tanga, mambo mawili yanajipanga yenyewe. Sababu ya tatu ni baridi ya kwenu, mjusi ni mnyama ambaye joto lake linatoka nje ya mwili, kumtoa dukani mpaka kwenye gari Januari ya Minnesota ni kumhatarisha bure.

Kuhusu mama mkwe na maneno ya dini, mi sitaingia hapo, nenda kamuulize sheikh wa msikiti wenu naye umsikilize vizuri, mweleze ni mnyama gani hasa na ni wa kufanya nini. Ila hata ukiachilia mbali dini, mtu mzima aliyesafiri kutoka Tanga asilale na hofu kwenye nyumba ya mwanawe. Hilo "atazoea" la mumeo silipendi. Mama hatakiwi kuzoea, anatakiwa kuheshimiwa, miezi iliyobaki si mingi.

Sasa mnyama gani. Ushauri wangu ni geko chui (leopard gecko), mjusi mdogo yule wa njano mwenye madoa. Asili yake ni maeneo makavu ya Afghanistan, Pakistan na kaskazini magharibi mwa India, wa madukani wamezaliwa kwenye ufugaji. Anakuwa sentimita 20 hivi, mpole, hapandi vioo maana vidole vyake havina gundi kama wale wa ukutani kwetu, ana kope anapepesa macho, na anaamka jioni. Hiyo ya jioni ni muhimu kwenu kuliko unavyodhani, kwa sababu mjusi wa ndevu anaamka mchana wakati kijana yuko shule na we umelala baada ya shifti, geko anaamka wakati mtoto amemaliza homuweki.

Gharama yake ntakupa kama ninavyoziona madukani, zinapanda na kushuka. Geko wa rangi ya kawaida dola 30 mpaka 60, rangi za ajabu ajabu zinaenda mamia, usizitazame. Tenki la galoni 40, inchi 36 kwa 18, jipya dola 100 mpaka 200, la mtu aliyeacha kufuga nusu yake, ulioshe vizuri na dawa kabla. Kifaa cha joto na kishikio chake 30 mpaka 50. Thamostati 25 mpaka 40, na hiki ndicho kitu ambacho watu wanaruka halafu mnyama anaungua tumbo, usiruke. Vipimajoto viwili vya dijitali, 15 hivi. Mapango matatu, moja upande wa joto, moja upande wa baridi, na moja lenye unyevu la kujivulia ngozi. Haya unaweza kutengeneza bure, kopo la aiskrimu lenye mfuniko, toboa mlango, ndani weka karatasi ya jikoni iliyolowa. Asipopata unyevu ngozi inabaki kwenye vidole inakaza kama uzi na vidole vinakatika. Unga wa kalsiamu na wa vitamini, 20. Chini tandika karatasi za jikoni mpaka uhakikishe ana afya, choo chake unakiona, na mchanga mtupu ule wa dukani usinunue, wadogo wanaumeza tumbo linaziba. Taa ndogo ya UVB wengi tunaweka siku hizi, geko anaweza kuishi kwa unga wenye D3 lakini akiwa na taa anakuwa mchangamfu zaidi, hiyo unaweza kuongeza baadaye. Jumla dola 250 mpaka 400. Upande wa joto sakafu iwe nyuzi 32 hivi, kwa kipimo chenu cha hapo ni 90, upande wa baridi 24 au 25. Jiwe la umeme la kupasha joto likija bure, tupa.

Halafu kuna gharama za kila mwezi, chakula dola 15 mpaka 25, umeme dola chache. Na kuna daktari. Si kila daktari wa mbwa na paka anatibu mijusi, tafuta anayejua reptilia, kuna chama chao kinaitwa ARAV kina orodha ya madaktari kwa kila eneo. Kumwona mara moja ni dola 80 mpaka 150, kupima choo kama kuna minyoo ni nyongeza. Mwaka wa kwanza ukihesabu kila kitu weka akilini dola 700 au 800, miaka inayofuata inapungua nusu, ila daktari wa dharura anaweza kuvuruga hesabu yote. Kwa hiyo wale wanaosema hana gharama wanazungumzia mwezi wa kawaida, na wanaosema balaa wanazungumzia mwaka wa kwanza au mwezi wa kuugua. Kama hakuna bahasha ya dola 200 ya daktari iliyokaa pembeni haiguswi, mnyama asiingie.

Wadudu sasa. Geko chui hali majani, hali matunda, anakula wadudu tu, na wawe wanatembea. Nyenje, mende wa dubia, na vile vifunza vya njano vya kwenye kopo mara moja moja. Mdogo kila siku, mkubwa kila baada ya siku mbili tatu. Nyenje wanapiga kelele, wananuka wakifa, mmoja akitoroka utamsikia usiku nyuma ya friji. Mende wa dubia si kama wa jikoni kwetu, hapandi kioo, hatoi sauti, na hawezi kuzaliana kwenye nyumba yenye baridi, ila sura ni ya mende. Na wadudu nao wanalishwa, karoti, majani, ndo mnyama apate virutubisho, na ambao hawajaliwa usiku unawatoa maana nyenje wenye njaa wanamng'ata geko akiwa amelala.

Kama ukisoma hapo umeshajua huwezi, basi kuna geko wa kope (crested gecko), wa kisiwa cha New Caledonia kule Pasifiki, watu walidhani ametoweka kabisa mpaka alipoonekana tena 1994. Huyu anaishi kwa unga maalum wa matunda unaokoroga na maji, kopo la dola 20 linakaa miezi. Hahitaji joto kubwa, nyuzi 22 mpaka 26 zinamtosha, ila anataka tenki la kwenda juu, kunyunyiziwa maji kila jioni, na kiangazi nyumba isipite nyuzi 28 kwa muda mrefu, huo ndio mtihani wake kama hamna kiyoyozi. Anarukaruka, si wa kushikwa sana, na akishtuka akadondosha mkia hauoti tena. Geko chui mkia wake unaota, ingawa unakuwa mnene wa ajabu.

Nyoka wa mahindi (corn snake) nao ni wazuri kwa anayeanza na kula yao ni rahisi, panya mmoja wa kugandishwa kwa wiki moja au mbili, lakini panya anakaa kwenye friza pamoja na samaki wenu, sidhani. Wale kobe wadogo wa maji wenye mstari mwekundu shavuni wanaouzwa kama vidude vya kuchezea usiwaguse, tangu 1975 ni marufuku hapa kuuza kobe ambaye gamba halijafika inchi 4, sababu ni Salmonella ya watoto, na akikua anafika sentimita 25, 30, anaishi miaka 30, maji yake unachuja kila siku.

Jambo ambalo hukuliuliza na ndilo ningetaka ulifikirie zaidi ya hela. Geko chui anaishi miaka 15 mpaka 20. Kijana ana 10, akifika 18 anaenda chuo, mabweni mengi hayapokei mnyama kama huyu. Binti yangu yuko chuo sasa na geko wake yuko sebuleni kwangu, namlisha mi, nampenda kweli, lakini nilijua hivyo tangu siku ya kwanza na nilikubali. We ukikubali kununua, mwenye mnyama ni wewe, mtoto ni msaidizi wako mkubwa. Ukiona moyoni hulitaki hilo jukumu, kataa sasa, hakuna ubaya wowote, mwambie mtoto ukweli kwamba mama hawezi.

Ukikubali, huu muda mpaka Machi si wa kukaa bure. Soma mkataba wa nyumba, sehemu nyingine wanaruhusu paka lakini reptilia wametajwa pembeni kwamba hapana, mwandikie mwenye nyumba upate jibu la maandishi. Kila mwezi nunueni kitu kimoja, mwezi huu thamostati, mwezi ujao tenki, na zile dola 120 za mtoto usizile kwenye tenki lote, mwachie alipie geko mwenyewe na pango, ni zake. Bibi akishaondoka liwasheni tenki tupu wiki mbili, mtoto aandike joto la upande huu na huu asubuhi na jioni kwenye daftari. Halafu mnunulie nyenje 20 na mende wachache, awafuge wiki mbili hizo hizo bila mnyama, awalishe, awape maji, atoe waliokufa. Hapo utajua mambo mawili, kama yeye ana subira na kama mwili wako unavumilia. Mimi hilo jaribio naliamini kuliko ahadi ya mtoto yeyote, hata mzuri kama wako.

Kumpata mnyama, kabla ya duka waulize Minnesota Herpetological Society, chama cha wapenzi wa reptilia na amfibia hapo hapo kwenu, wana utaratibu wa kuwatafutia makazi wanyama walioachwa, na watakuonyesha geko mwenye afya anakuwaje, mkia mnene, macho wazi, vidole vyote vipo. Akifika nyumbani wiki mbili za kwanza asishikwe, ale, azoee. Baadaye dakika 10, 15 jioni, wamekaa chini sakafuni asije akaanguka. Kabla na baada, mikono na sabuni. Tenki lisikae jikoni, vyombo vyake visioshwe kwenye sinki la kula, kumbusu hakuna hata kidogo, na binti yako hata akiwa na mitano asimshike bila we kuwepo.

Kuhusu kwenda Tanga. Geko mkubwa mwenye afya na mkia mnene anaweza kukaa siku chache na maji tu, lakini safari yenu ni mwezi au zaidi, anahitaji mtu wa kuja kila baada ya siku mbili kubadilisha maji, kulisha, kuangalia thamostati. Taa wekeni kwenye taima. Kumpandisha ndege mwende naye usifikirie kabisa, vibali na joto la mizigo havifai. Muulize yule mwalimu wa darasani, watu kama hao wanakubali na wanajua wanachofanya, au rafiki wa mtoto ambaye mama yake haogopi wadudu. Mtafute kabla ya Machi, na mlipe kitu kidogo, usiombe bure mwezi mzima. Kama mwaka ujao ndio mnasafiri na mpaka Machi hujampata mtu, endeleeni na tenki na daftari lakini mnyama msimchukue mpaka mrudi.